Kumrekodi Fundi Akiwa Kazini: Mwongozo Kamili wa Filamu Fupi kwa Anayefanya Kazi Peke Yake Arusha

Filamu fupi nyingi za "maisha ya mtaani" zinazotoka Arusha zinafanana. Mlima Meru alfajiri, bodaboda zinakatiza Mnara wa Saa, nyanya zimepangwa mafungu sokoni Kilombero, mtoto anacheka, jua linazama, muziki juu. Dakika nne zikiisha, mtazamaji hajamjua mtu hata mmoja na hajaona kazi hata moja ikianza na kuisha.

Wanaozitengeneza wana jicho. Kinachowakwamisha ni kwamba wamekusanya vipande vizuri visivyoshikana. Wakifika kwenye kompyuta hawana cha kuunganisha, basi wanaziba nyufa kwa wimbo.

Njia inayoelezwa hapa ni moja: mtu mmoja, kazi moja, kitu kimoja kinachotengenezwa tangu malighafi hadi kinapolipiwa. Mji utaingia wenyewe kupitia mlango huo. Mfano wetu ni fundi wa makatambuga, viatu vya matairi. Kazi yake huisha ndani ya saa chache, ina sauti yake, na mteja huvaa matokeo hapohapo. Ukiweka fundi cherehani, mchomelea mageti wa Unga Limited au mama lishe mahali pake, hatua hazibadiliki.

Utakachopata mwishoni ni filamu ya dakika nne hadi sita na picha za mnato zipatazo kumi.

## Vifaa

- Kamera au simu moja inayokuruhusu kupanga mwenyewe idadi ya fremu (picha kwa kila sekunde) na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga). Simu isiyo na uwezo huo ipakulie programu ya kamera yenye vidhibiti vya mkono.
- Lenzi moja ya 35mm, au 24mm kama kihisi cha kamera yako, yaani sehemu inayopokea picha ndani, ni kidogo. Acha zumu ndefu nyumbani. Itakufanya usimame ng'ambo ya barabara kama mpelelezi, na sauti hutaipata.
- Filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, ikiwezekana ile ya kuzungusha.
- Stendi ndogo ya kamera, pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mchele kilo moja. Kifuko hicho kinakaa juu ya tairi, benchi au ndoo, mahali ambapo stendi haiwezi kukaa.
- Maiki ya kubana kwenye nguo yenye manyoya ya kuzuia upepo, na hedifoni za waya.
- Simu ya pili, hata ya zamani, ya kurekodia sauti tu.
- Betri tatu au pawabenki, vyote vimechajiwa usiku uliotangulia. Kupanga kuchaji asubuhi ni kucheza kamari na umeme.
- Kadi mbili za GB 64. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula takriban GB 22, hivyo kadi moja inabeba saa mbili na nusu na akiba kidogo.
- Kipulizio cha mpira na kitambaa safi cha lenzi. Vumbi la Januari na Februari halijadiliani na mtu.
- Daftari, kalamu na fomu mbili za ridhaa.

Droni haimo. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa mtu aliyeinamia kipande cha tairi haina cha kuonyesha.

## Hatua ya 1: Chagua kazi kabla ya kuchagua mtu

Kazi inayofaa ina sifa tatu. Ina mwanzo na mwisho unaoonekana siku hiyohiyo. Mikono inafanya jambo ambalo mtazamaji hawezi kulikisia. Na kuna mtu wa pili anayeingia: mteja, msaidizi, mwenye kuleta mali.

Mlinzi wa usiku ana maisha mazito, ila kwa filamu ya kwanza atakuumiza, kwa sababu kazi yake ni kusubiri. Dereva wa daladala naye anavutia, lakini sauti ndani ya gari ni vita. Anza na anayekaa mahali pamoja.

Ukishachagua, andika sentensi moja daftarini: "Tairi linaingia, makatambuga yanatoka, mteja analipa." Kama huwezi kuandika sentensi ya namna hiyo, kazi hiyo bado hujaielewa.

## Hatua ya 2: Ruhusa

Arusha imechoka na kamera. Watu wa sokoni wanapigwa picha kupitia dirisha la gari la watalii mwaka mzima, na hawajawahi kuziona hizo picha. Ukija na lenzi mkononi, umeshawekwa kwenye kundi hilo kabla hujafungua kinywa.

Kwa hiyo nenda mikono mitupu. "Shikamoo mzee, poleni na kazi." Akishaitikia na kukukaribisha, sema jambo lako lote kwa mara moja: "Nataka kutengeneza filamu fupi inayoonyesha katambuga linavyotoka kwenye tairi mpaka mguuni. Naomba nije kwanza nikae nitazame, bila kamera. Nikikusumbua uniambie."

Atauliza utapata nini, na yeye atapata nini. Ni swali la haki, lijibu wazi. Kama filamu haina malipo, sema haina. Ikiwa unategemea kuiuza, sema hivyo, na mkubaliane mgawo. Njia isiyoharibu kazi ni kumfidia muda utakaompotezea kwa kiasi kimoja mnachokubaliana mapema, au kununua jozi mtakayoirekodi kwa bei anayouza siku zote. Usilipe kwa kila shoti. Ukianza hivyo, ataanza kuigiza, na mafundi wa jirani watakuja na foleni.

Baada ya fundi, fuata wengine kabla ya siku ya kurekodi:

1. Uongozi wa soko au mtaa. Sokoni ni msimamizi wa soko. Mtaani ni mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Hata neno la mdomo linasaidia, ila barua fupi yenye muhuri hunyamazisha maswali mengi.
2. Bodi ya Filamu. Filamu ya kuonyeshwa kwa umma iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ofisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza pa kuanzia. Omba mapema, na siku ya kazi tembea na nakala.
3. Ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili inatosha: jina, nini kitarekodiwa, kitaonyeshwa wapi, na kwamba anaweza kukataa sehemu fulani isitumike. Msomee kwa sauti hata kama anajua kusoma.

Watoto waache, isipokuwa mzazi yupo na amekubali. Vituo vya polisi, kambi za jeshi, milango ya benki na magari ya askari visiingie kwenye fremu hata kwa bahati mbaya. Majengo ya taasisi za kimataifa mjini nayo yana walinzi wasiopenda stendi ya kamera.

Umefaulu hapa ikiwa ukifika siku ya pili, fundi anakuvutia kigoda kabla hujasalimia.

## Hatua ya 3: Tazama bila kamera

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha filamu na rundo la klipu. Kaa nusu siku. Andika kila hatua ya kazi kwa mpangilio wake, na muda inaochukua.

Kwa makatambuga orodha itakuwa hivi: anachagua tairi lisilo na waya au lenye waya chache; anatenga kipande cha kukanyagia na kile chembamba cha ubavuni; anachora nyayo kwa chaki; anakata soli; anapunguza unene; anatoboa matundu ya mikanda; anapitisha mikanda; anapiga misumari midogo na kuikunja ncha; anasawazisha kingo; mteja anajaribu; mkanda unakazwa; pesa inatoka.

Utaona mambo ambayo usingeyaona ukiwa nyuma ya kioo. Kisu kikavu hakikati mpira, kinanasa. Ndiyo maana kuna kikopo cha maji kando yake na kila baada ya mikato michache analowesha. Kikopo hicho kina shoti yake. Utaona pia kwamba tairi lililokatwa linavutwa kwa mguu huku kisu kikija upande wa mwili, na hilo litakuambia usimame wapi.

Zaidi ya yote, utagundua zawadi ambayo kazi za namna hii hutoa bure: viatu ni jozi. Kila kitu kinafanyika mara mbili. Cha kushoto utakirekodi kwa mbali, cha kulia kwa karibu, na kwenye uhariri vitaungana kana kwamba ulikuwa na kamera mbili. Fundi cherehani ana mikono miwili ya shati. Mchomelea geti ana mabawa mawili. Tafuta marudio hayo katika kazi yoyote uliyoichagua.

## Hatua ya 4: Panga kamera, kisha usiiguse

Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu. Unakuja kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu zinapepesa mara 100. Simu nyingi huanza na fremu 30 na shata 1/60, na ndipo mistari myeusi inapotambaa ukutani ndani ya kibanda. Ukiwa kwenye 1/50 au 1/100, mistari inatoweka.

Nje juani, shata hiyo ya 1/50 inaingiza mwanga mwingi kupita kiasi. Hapo filta ya ND inafanya kazi. Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kwenye jua kali, filta ya ND16 inakufikisha kwenye f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi), na ND32 inakufikisha f/4. Bila filta utalazimika kupandisha shata hadi 1/1000 au zaidi, na nyundo itaonekana inaruka-ruka badala ya kushuka.

Rangi usiiachie kamera ijichagulie. Weka 5600K nje, kipimo cha rangi ya mwanga wa mchana, na ubaki hapo hata fundi akiwa kivulini. Ubuluu kidogo utaurekebisha baadaye. Kamera ikijichagulia, itabadili rangi katikati ya shoti kila mtu mwenye nguo nyekundu akipita, na kosa hilo halirekebishiki kirahisi.

Fokasi iwe ya mkono kwa shoti za mikono. Ile ya kujiendesha itahangaika kati ya kisu na uso.

Rekodi sekunde 20 za majaribio ndani ya kibanda, taa ikiwaka. Zitazame kwenye skrini kwa ukubwa wote. Hakuna mistari, sura haijaungua kwa mwanga kupita kiasi, rangi haibadiliki: endelea.

## Hatua ya 5: Soma jua la mahali pako

Jua la Arusha huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:40 asubuhi na kuzama kati ya saa 12:25 na saa 12:55 jioni, mwaka mzima. Likishazama, giza haliombi ruhusa. Una takriban dakika ishirini.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri jua linakuwa juu, na mwenye kofia hana macho. Mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba linasimama karibu utosini kabisa. Muda huo ndio wa kurekodi mikono, vifaa na vitu vilivyo kivulini. Nyuso ziache asubuhi na alasiri.

Wengi hawajui kwamba jua la mchana hubadili upande. Juni linakaa kaskazini, upande wa Meru. Desemba linakaa kusini. Kibanda kinachotazama mlima kitapigwa jua la saa 6 mchana mwezi Juni, na Desemba kitakuwa kivulini saa hiyohiyo. Usiamini ulichokiona ulipopita miezi sita iliyopita.

Mawingu ya asubuhi ya Juni hadi Agosti, ambayo wapiga picha wa watalii huyalaumu kwa kuuficha mlima, kwako ni neema. Mwanga unakuwa laini hadi karibu saa 5, na unaweza kurekodi upande wowote bila kivuli kikali.

Bati linalopitisha mwanga kwenye paa huangusha doa kali la mwanga linalotembea kadiri jua linavyosogea. Kama liko juu ya benchi, maliza hatua nzima ya kazi kabla doa halijahama, la sivyo shoti mbili za hatua moja zitaonekana za siku tofauti.

## Hatua ya 6: Rekodi kazi yenyewe

Kwa kila hatua uliyoandika kwenye daftari, pata shoti tano. Tuchukue kukata soli:

1. Pana. Fundi mzima, benchi, tairi, na watu wanaopita nyuma. Kamera kwenye stendi.
2. Mikono. Kisu kinaingia kwenye mpira. Kamera juu ya kifuko cha mchele, usawa wa kisu, si kutoka juu.
3. Uso. Macho yakiwa kazini. Akikutazama, usizime, subiri, atarudi kwenye kisu chake.
4. Anachokitazama yeye. Mstari wa chaki, ncha ya kisu inaufuata.
5. Matokeo. Kipande kinaachia, kinaanguka miguuni, juu ya vipande vingine.

Kwa shoti hizo tano unaweza kukunja dakika nane za kukata ziwe sekunde ishirini, na hakuna atakayeona ulipokata.

Kila shoti ishikilie hadi sekunde kumi na tano. Hesabu kimoyomoyo. Bonyeza sekunde tano kabla tendo halijaanza, acha sekunde tano baada ya kuisha. Anayejifunza hurekodi sekunde tatu na kuondoka, kisha anakuta kisu kiko hewani mwanzoni mwa kila klipu na hakitui popote.

Kamera isitembee. Usiigeuze kutoka usoni kwenda mikononi. Hizo ni shoti mbili, zirekodi mbili. Kama lazima isogee, iwe kwa sababu kitu kimeondoka: fundi anasimama, unamfuata, anakaa, umeishia hapo.

Halafu kuna suala la upande. Vuta mstari wa kufikirika kutoka kwenye pua ya fundi hadi kwenye kisu, uchague upande mmoja wa mstari huo, ukae huko hadi hatua iishe. Ukiruka ng'ambo, kisu kilichokuwa kinakwenda kulia kitaanza kwenda kushoto, na mtazamaji atahisi kuna kasoro bila kujua ni ipi. Vibanda vyembamba vya sokoni vinakushawishi kuruka kila mara, maana upande wa pili ndiko kwenye nafasi. Vumilia, au subiri hatua inayofuata.

Usimwambie fundi arudie. Mara moja tu ukisema "rudia mzee, sikupata," kazi imegeuka mchezo. Ataanza kukata polepole na kukuangalia kama umeridhika. Umekosa kwenye cha kushoto? Cha kulia kinakuja.

Tahadhari. Usikae kwenye njia ya kisu; kinapoachia mpira kinatoka kwa nguvu. Kwa wachomelea, usitazame cheche kwa jicho tupu wala usisogeze lenzi isiyo na filta ya kinga, kwani punje za chuma hutoboa kioo. Miguu ya stendi isiingie kwenye njia ya mikokoteni. Anayesukuma mzigo hana breki, na kosa ni lako.

Ukimaliza, pitia orodha na uweke alama. Hatua yenye shoti tatu inavumilika. Hatua yenye shoti moja ni shimo, na shimo hilo halizibwi na picha ya mlima.

## Hatua ya 7: Sauti

Picha mbovu kidogo husamehewa. Sauti mbovu hufukuza mtu ndani ya nusu dakika.

Rekodi sauti ya kila tendo kwa karibu, hata bila picha: nyundo, kisu kwenye mpira, maji kwenye kikopo, chenji mkononi. Simu ya pili iweke sentimita thelathini kutoka kwenye tendo, juu ya kitambaa ili isipokee mtetemo wa benchi. Kipimo cha sauti kicheze kwenye desibeli -12 (-12 dB). Kikigusa sifuri, sauti imepasuka na haitengenezeki.

Kisha rekodi dakika mbili za mahali palivyo, kila mtu akiendelea na yake: makonda, pikipiki, mazungumzo ya jirani. Dakika hizo zitalazwa chini ya filamu nzima na kuficha kila mkato.

Redio ni adui wa kirafiki. Wimbo ukilia nyuma, kila ukikata picha wimbo nao unaruka, na mtandao utakuzuia kwa hakimiliki. Mwombe apunguze wakati wa hatua muhimu, na usiombe izimwe siku nzima. Fundi bila redio yake anakuwa mtu mwingine.

Mvua juu ya bati haina dawa. Funga maiki, rekodi picha.

## Hatua ya 8: Mazungumzo

Yafanye baada ya kazi kurekodiwa, akiwa amekaa palepale na kitu mkononi. Maiki ibane upana wa kiganja chini ya kidevu, waya ndani ya shati. Piga kofi moja mbele ya kamera ili uweze kulinganisha sauti na picha baadaye.

Maswali ndiyo yanayoharibu. Ukiuliza "Unaipenda kazi yako?" utapata "Namshukuru Mungu, maisha yanasonga," jibu ambalo kila Mtanzania analo mfukoni. Ukiuliza changamoto, utapata "mtaji." Huwezi kumlaumu, umemuuliza kama mtu wa semina.

Uliza kupitia kitu alichoshika. "Tairi hili umelipata wapi?" "Unajuaje kwamba hili linafaa na lile halifai?" "Mteja akirudi analalamika, huwa analalamika nini?" "Kovu hili la kidole?" Hapo atasahau kamera, na ndani ya majibu hayo bei, familia na mji vitatoka bila kuulizwa.

Mwombe ataje jambo kabla ya kulieleza: "Tairi hili nimelitoa..." badala ya "Nimelitoa...", maana sauti yako utaikata. Akinyamaza, nyamaza nawe. Sekunde nne za ukimya ni ndefu kwako; yeye anatafuta maneno.

Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha.

## Hatua ya 9: Mji

Sasa geuza kamera, ila ubaki hapohapo. Rekodi anachokiona fundi akiinua kichwa: mkokoteni wa ndizi, miguu inayopita, mama anayemletea chai. Shoti sita zitoshe.

Meru unaruhusiwa kuonekana kama unaonekana kutoka kwenye kigoda chake.

## Hatua ya 10: Picha za mnato

Zipige wakati tofauti na video. Ukichanganya, utakosa vyote viwili, kwa sababu shata ya 1/50 inatia ukungu mikono. Kwa picha za kazi panda hadi 1/250. Unazohitaji: uso mmoja, mikono, vifaa vilivyopangwa kama vinavyokaa siku zote (usivipange wewe), kitu kilichokamilika, mteja amekivaa, na fundi na kibanda chake kutoka hatua tano nyuma.

## Hatua ya 11: Hifadhi na uhariri

Siku hiyohiyo nakili kadi kwenye diski mbili, moja ibaki nyumbani kwa mtu mwingine. Usifute kadi hadi umefungua klipu kadhaa kutoka kila diski na zimecheza.

Folda zipangwe kwa hatua za kazi, si kwa tarehe: 01_kuchagua, 02_kuchora, 03_kukata. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha. Kompyuta ikiwa nzito kucheza klipu, tengeneza kwanza nakala zake nyepesi ndani ya programu hiyo.

Unganisha kazi nzima tangu tairi hadi malipo, kwa picha na sauti za kazi tu. Usiweke mazungumzo wala muziki. Mwonyeshe mtu asiyejua lolote kuhusu makatambuga, kisha muulize kilichotokea. Akiweza kukusimulia kwa mpangilio, mifupa imesimama. Asipoweza, rudi kwenye klipu, au rudi kwa fundi.

Ndipo uingize maneno yake, na yale tu ambayo mikono haiwezi kuyasema. Akisema "hapa nakata" huku anakata, toa. Akisema alivyojifunza kutambua tairi lenye waya kwa kuligonga, weka, na liache lianguke juu ya picha ya kikopo cha maji. Muziki uje mwisho, kama utakuja.

Toa faili kwa 1080p, fremu 25, megabiti 12 kwa sekunde. Dakika tano zitakuwa na uzito wa takriban MB 450.

## Hatua ya 12: Irudishe

Fundi aione kabla ya mtu mwingine yeyote, kwenye kibanda chake, na majirani wakitaka waione pia. Akisema sehemu fulani itoke, itoke. Fomu aliyosaini inasema hivyo. Mara nyingi kinachokataliwa ni kidogo: bei aliyoitaja mbele ya mteja, au jina la aliyemuuzia tairi.

Mpe toleo dogo lisilozidi MB 60 moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake, maana WhatsApp itakwangua picha na bando lake litaishia hapo. Mpe na picha mbili zilizosafishwa studio, moja ya uso, moja ya kibanda. Fomu za ridhaa, kibali na barua ya soko vipige picha, uviweke ndani ya folda moja na faili kuu, kwenye diski zote mbili.